Dini ya Wakulima wa Korea Nyumbani kwa Shangazi, Nizwa

Nilitoka mjini Ibra kwa sababu moja tu: shangazi yangu Bi Zuwena, aliyenilea, hapokei tena simu zangu. Kasikia nimetoa mhadhara mjini Sur juu ya Wakristo wa Korea, akasema, "Khalas, mtoto keshapotea." Bila radhi yake mimi usingizi siupati. Lakini hoja ninazo, na ulimi ninao.

Asubuhi mke wangu Raya akashika usukani, sufuria la pilau kalifunga kwa shuka nyuma. Njiani, katika mji wa Samad, tukasimama kununua tende, nikamjaribia maneno yangu.

"Fupisha," akasema Raya. "Shangazi ataka kujua kama wewe bado wasali."

Adhuhuri, Nizwa. "Shikamoo shangazi." Marahaba sikupewa! Raya alipoamkia, marahaba ikatoka na busu juu. Raya akapitiliza jikoni kupakua pilau.

Nikaanza. "Shangazi, mie Muislamu vilevile, nasomesha historia. Zamani wakulima wa Korea walionewa, ikazuka dini yao wenyewe, Donghak. Yasema mbingu imo ndani ya kila mtu, hata mtwana, basi mtumikie kama unavyoitumikia mbingu. Sinia la chakula cha kuwatolea wazee waliokufa lilikuwa likielekezwa ukutani. Mwalimu wao mmoja akaligeuza, akalielekeza kwa walio hai."

"Na hao Wakristo?"

"Baadaye sana Korea ikaja kutawaliwa na wanajeshi, wafanyakazi wakipondwa. Wataalamu wa Kikristo wakarudi kwenye urithi wa wakulima wale. Wakasema mnyonge si wa kuhurumiwa tu, yeye ndiye mwenye historia, na Yesu wao wakamwona yumo miongoni mwa wanyonge. Na fundo lililomkaa mtu moyoni lifunguliwe, lisizae kisasi."

Aliposikia fundo, akanitazama. Wallahi nikajua nimeshinda, nikaegemea mto.

"Maneno mazuri," akasema. "Sasa hiyo mbingu iliyokuendesha toka Ibra, mbona iko jikoni peke yake nawe umejinyoosha?"

Ee! Niliruka. Sinia nikalibeba mwenyewe, shangazi akaligeuza, nyama ikamwelekea Raya. Raya akacheka mpaka machozi. Tukala watatu.

Alasiri usukani nikaushika mimi. Miaka yote nasomesha habari hizi, nami ndiyo kwanza nimeelewa zilivyowafika Wakristo wale: hoja haitoshi mpaka sinia ligeuke.

Shangazi akatufuata hadi garini, akainama dirishani.

"Nassor."

"Naam, shangazi."

"Marahaba."