Uwanja Niliouvuka na Binti Yangu

Picha iko ukutani sebuleni kwangu, hapa Fort Worth, Texas, na kila mgeni lazima aione kabla sijamletea chai. Ni mimi na binti yangu wa pekee, katikati ya ule uwanja mkubwa wa Bruxelles uliozungukwa na majumba yenye dhahabu. Kiangazi cha 2019. Mimi, mpanga maboksi ghalani, niliyeacha shule darasa la nne.

Binti alipata mchumba Mkongomani mwenzetu wa kule, na ndoa ilikuwa ifungwe kwenye jumba la jiji, pale pale uwanjani. Bibi harusi angevuka uwanja kwa miguu na mzazi wake. Kwetu baba akifa, ndugu yake ndiye anayesimama mahali pake. Na ndugu wa marehemu mume wangu anaishi Bruxelles.

Kabla ya harusi alitutembeza mjini sisi na wakwe, yeye amevaa suti na kofia. Alituonyesha tao refu la mawe, kisha sanamu ya mfalme wao juu ya farasi, yule aliyewatawala babu zetu.

"Shemeji, mtazame huyu. Mji huu ameujenga yeye."

"Kwa mikono ya nani?" nikamjibu. " Babu ya baba yangu walimkata mkono kwa sababu utomvu wa mpira haukutosha. Huyo hapo ndiye aliyewatuma."

Akawageukia wakwe, akacheka. "Texas wamemfundisha kelele."

Asubuhi ya harusi, mbele ya wakwe wote, akamnyooshea binti yangu kiwiko. "Twende, mwanangu. Baba hapa ni mimi."

Binti akanitazama. Nikajua nikinyamaza, mtu aliyetuacha tufe ataingia kama baba yake, na mpaka kesho watu watasema yeye ndiye aliyemlea.

Maana siku wapiganaji walipoingia mji wetu, mume wangu walikuwa wamekwisha kumpiga risasi. Shemeji alikuwa na lori. Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikapiga magoti kwenye vumbi. Akasema hakuna nafasi. Nyuma yake friji lake lilisimama wima, limefungwa kamba vizuri. Tukaenda mpaka mpakani kwa miguu.

Basi nikatoa sauti ya sokoni.

"Shemeji! Siku ile nafasi yetu ulilipatia friji. Leo vuka na friji lako!"

Mama mkwe wa binti, mwanamke mnene wa Lubumbashi, akapiga makofi, akamgeukia shemeji. "Eh! Friji! Liko wapi, papa? Tulivalishe kitenge!" Akacheka mpaka akashika kofia yake isianguke. Wengine wakafuata.

"Ilikuwa vita, shemeji," akaanza ndugu wa mume wangu. "Watu..."

"Mama, twende," binti akasema, akanishika mkono. "Jua kali."

Tukavuka. Mawe ya pale hayako sawa, viatu virefu vinakwama katikati yake. Watalii wakainua simu, wakidhani mimi ni mtu mkubwa. Hawakukosea.

"Mama, mbona unakwenda polepole hivi?"

"Wacha watuone."

Chini ya mnara wa jumba la jiji nikapiga vigelegele, vikagonga majumba ya upande huu, vikarudi kutoka upande ule. Mlangoni afisa akauliza nani anamleta bibi harusi. Shemeji alikuwa nyuma yetu, anakohoa.

Binti akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mama yangu."

Tukaingia.