Vigingi vya Marehemu

Kwa nini kila kigingi kiliandikwa 6? Vilikuwa kumi na tisa, vimepangwa nyuma ya nyumba zetu kutoka msikitini hadi bondeni, na kila kimoja kilikuwa na 6 ya rangi nyekundu na kijistari kando yake. Kama ilikuwa hesabu ya vigingi, ingeanza na 1. Nilikuwa nimerudi Temeke kwa likizo ndefu kutoka chuo kikuu, Uganda, na masomo yangu yote hayakunisaidia kulijibu swali hilo. Mtu wa kulijibu alikuwa amezikwa Jumanne.

Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa cheo hicho hakupewa na mtu. Uhandisi aliujifunza vitani Burma, akijenga madaraja na jeshi. Aliporudi akapima barabara za serikali kwa miaka, na Mzungu mmoja akatia sahihi kwenye michoro. Siku za mapumziko alitupimia sie bila malipo: visima, vyoo, kivuko cha magogo. Watu walimpenda kwa namna iliyonichosha. Akipita na kamba yake begani, wanawake waliacha kupeta mchele ili wamsalimie, naye alimwitikia kila mmoja kwa jina la mwanawe. Lakini ukimuuliza kwa nini hapa na si pale, alicheka tu. "Nyie chimbeni. Maji yatawajibu." Nilimwona kama mtu anayefurahia kuwa peke yake mwenye kujua.

Jumapili yake ya mwisho alikuwa akipiga vigingi vya mtaro, ili maji ya masika yasituame uani tena. Aliniona kibarazani na kitabu.

"Msomi, njoo unishikie kamba."

"Ninasoma, mzee."

"Basi ukimaliza hicho, njoo usome na hiki," akasema, akakigonga kigingi kichwani, akacheka, akaendelea zake. Kicheko kile kiliniudhi siku nzima. Alikuwa amesema kazi itaanza Jumapili inayofuata. Jumatatu akaanguka ofisini, hakuinuka.

Matangani niligundua kwamba kila mtu alikuwa rafiki yake wa pekee. Bibi mmoja alieleza mara tatu jinsi marehemu alivyompimia kitanda kabla hakijapitishwa mlangoni. Mwingine aliyewahi kumtukana hadharani kwa sababu ya choo alilia mpaka akapepewa. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakimsifu kama kwamba mvua yenyewe ilikuwa ikimwomba ruhusa. Jumbe wetu wa mtaa, aliyekuwa hajawahi kushika chepe maishani, akatangaza kwamba mtaro utachimbwa kabla ya arobaini, kwa heshima yake, kigingi kwa kigingi, bila kupotoka hata kidole.

Vigingi viwili kati ya hivyo vilikuwa shubiri mbili tu kutoka ukuta wa chumba cha mama yangu. Ukuta ule ulikuwa wa fito na udongo. Baba alikuwa ameujenga mwaka mmoja kabla ya kufariki, na mama hakuwa na nyumba nyingine.

Wachimbaji walipofika kwa jirani wa pili, nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi wetu," akasema jumbe. "Umekuja kuchimba?"

"Nimekuja kuuliza. Mtaro ukipita hapa, ukuta wa mama utasimama juu ya nini?"

"Injinia alipima."

"Huenda alikosea."

Machepe yakatua. Mwanamume mmoja akaegemea lake. "Jamani, huko Uganda wanafundishwa kusuta maiti."

Wakacheka. Nikauliza ile 6 ni nini.

"Futi sita kwenda chini," akasema jumbe.

"Mbona mnachimba tatu?"

"Tatu zinatosha."

"Ni wanawe sita," akadakia mwingine.

"Wanawe watano."

"Na mama yao."

Nikawaonyesha kiwanja kitupu upande wa pili wa vigingi, majani matupu, hakuna hata banda la kuku. "Sogezeni hatua mbili tu. Mbili. Nani atadhurika?"

Jumbe akanitazama kwa upole ambao bado unaniudhi. "Bibie, marehemu alipokuita umshikie kamba, ulikuwa wapi?"

Nikamgeukia mama, aliyekuwa akiwagawia uji wachimbaji wale wale. "Sema wewe. Nyumba ni yako."

"Mie nimuumbue mtu hata arobaini yake haijafika? Niache, mwanangu. Alinichimbia kisima."

Wakanyoosha kamba, wakang'oa vigingi, wakachimba mahali viliposimama. Mama akaomba kimoja, akakiweka nyuma ya mlango kama watu wengine wanavyoweka picha.

Ukuta ulianguka wiki ya pili ya masika, mchana, mama akiwa uani anamenya mihogo. Maji yalikuwa yameula msingi kwa siku nne. Kitanda chake kikaonekana mpaka barabarani. Wale waliochimba walikuja mbio kubeba vyombo, na wakiwa wamesimama kwenye tope hilo nilimsikia mmoja akisema kwamba bila mtaro wa Injinia nyumba nzima ingekwenda. Wenzake wakaitikia. Mama pia.

Alihamia Kinondoni kwa dada yake, kwenye chumba ambacho kila jioni alilazimika kuomba nafasi ya kutandika mkeka, na huko ndiko alikofia. Kigingi alikwenda nacho. Kwa miaka mingi mie nilikuwa nikimtaja Injinia darasani, nilipokuwa mwalimu, kama mfano wa mtu aliyependwa kuliko alivyojua kazi.

Shule yangu ya mwisho ilikuwa Manzese. Barabara ilipokuwa ikipanuliwa, vigingi vilipigwa kando ya uzio wetu, kila kimoja kimeandikwa 8, na kijistari kando. Nikamwuliza fundi aliyekuwa akipima kwa nini vyote vina namba ile ile.

"Mwalimu, nikipiga kigingi penye mtaro, si kitang'olewa na wachimbaji? Nitapimia nini tena?" Alinyoosha mkono kuelekea upande wa kijistari. "Kigingi kinakaa pembeni. Namba ni futi za kwenda kabla hujaanza kuchimba. Kijistari kinakuonyesha upande."

"Na ikiwa sita?"

"Sita?" Akapiga hatua mbili kwenye majani, akasimama. "Unachimbia hapa."