Kumtafutia Baba Ufito wa Kuvulia

Nilifika Dubai kwa njia ya kuzunguka. Nilitoka Homa Bay baada ya kidato cha nne, nikauza vipuri Kisumu, nikapika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara Lodwar, nikavuka hadi Juba, nikarudi, nikaondoka tena. Kila nilipopazoea mahali, miguu iliniwasha. Mwishowe nikapanda ndege Nairobi. Ilituteremsha Addis Ababa, tukakaa kwenye viti vya chuma hadi wengine wakadhani tumesahauliwa. Alfajiri tukashuka Dubai, na joto likatupiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Basi la kampuni likatupeleka Al Quoz, kwenye vitanda vya ghorofa. Kesho yake nilikuwa nimevaa sare, nawafungulia ma-sir na ma-madam mlango wa jengo refu kule Dubai Marina.

Nilikaa huko miaka mingi kuliko nilivyowahi kukaa popote. Kisha ikaja simu kutoka nyumbani: Baba amepata kiharusi. Kupona alipona, ila mkono wa kulia ulibaki unaning'inia. Maisha yake yote Baba amevua mbuta, yule samaki mkubwa ambaye Watanzania humwita sangara. Alimvua kwa uzi wa mkononi, na chambo chake kilikuwa mumi, yule kambare, mdogo aliye hai. Uzi wa namna hiyo unataka mikono miwili.

"Zile fimbo za Wazungu," Baba akaniuliza siku moja kwenye simu, "mtu anaweza kuzishika kwa mkono mmoja?"

Zamani alikuwa akiziita fimbo za kuchungia mbuzi. Nikajua swali hilo amelala nalo siku nyingi kabla ya kulitoa.

Nikaamua kununua moja na kumpa mwenzangu aliyekuwa akienda likizo. Mimi sikuwa na mpango wa kurudi. Nilikuwa nimeanza kuulizia kazi Poland.

Pale Al Quoz, Waswa, Mganda aliyelala kitanda cha juu yangu, alinipa namba ya duka la vifaa vya uvuvi lililoko Deira. Mwenye duka ni Bi Nasra, wa familia ya Kizanzibari iliyohamia huko zamani, na Kiunguja chao hawajakiacha. "Usije mikono mitupu, baba," akaniambia kwenye simu, nilipokwisha kumweleza habari za mkono wa Baba, mbuta na mumi. "Njoo na mshipi utakaotumia. Ufito hufuata mshipi."

Nilimwelewa vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Kule Marina nilikuwa nimewaona matajiri wakishuka kwenye boti zao za kuvulia, wamejifunga kiunoni vitu vipana vya kuegemezea fimbo.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Deira kwa basi na metro. Nikaingia dukani, nikavua mshipi wangu wa kazi, ule mnene wa ngozi, nikauweka juu ya kaunta.

"Nini hiki?" Bi Nasra akauliza.

"Mshipi."

Akautazama, akanitazama. "Huyo samaki wako ana kiuno?"

Wahindi wawili waliokuwa wakichagua ndoano hawakujua tunasema nini, lakini walicheka kwa kuwa yeye alicheka. Ndipo nilipojua kwamba kwa Waunguja mshipi ni uzi wa kuvulia. Nikafunga suruali yangu, naye akateremsha uzi mnene kutoka rafuni.

Macho yangu yalikuwa kwenye ufito mweusi unaong'aa, mgumu kama nondo.

"Huo ni wa kurushia samaki wa bandia," akasema. "Wewe chambo chako ki hai. Mrushe mumi kwa ufito huo, ndoano itamchana mdomo, aende zake peke yake. Chukua wenye ncha laini, ili mbuta akionja asishtuke, apate kumeza. Shina liwe gumu la kumvutia. Na mpini uwe mrefu, ubanwe kwapani. Haya, tia mkono wa kulia mfukoni. Usiutoe."

Akafunga chupa ya maji kwenye uzi. Ufito wa kwanza ulinishinda, chupa ikagonga kaunta. Wa pili ulipinda hadi mkononi. Wa tatu uliinama ncha polepole, shina likakaa imara, na chupa ikapanda bila bega langu kulalamika. Tena ulikuwa wa vipande viwili, rahisi kusafirisha.

"Khalas," akasema. "Ndio huo."

Alipokuwa akiufunga akauliza, bila hata kuinua macho, "Na chambo atakitia nani?"

"Vipi?"

"Mumi anateleza. Mkono mmoja umshike, wa pili utie ndoano. Yeye ana mmoja."

"Majirani wapo."

"Majirani wana nyavu zao, baba."

Njiani kurudi Al Quoz niliushikilia ule ufito katikati ya magoti. Niliutafuta wa mkono mmoja na nikaupata, ila kazi yenyewe ilitaka mikono mitatu. Hilo Baba alilijua tangu mwanzo, na hakulisema. Juma lile nilimwambia msimamizi kwamba naacha kazi, na habari za Poland nikaacha kuziulizia.

"Wewe Mkenya," Waswa akasema, "unaacha kazi sababu ya samaki?"

"Sababu ya chambo."

Siku ya kuondoka alinikatia bomba la plastiki katika karakana moja ya jirani, tukautia ufito ndani na kuziba ncha zote kwa utepe wa gundi. Uwanjani walilipitisha kwenye mashine mara mbili, wakaniachia. Nikiwa nimekaa kusubiri kuitwa, nikampigia Baba.

"Nimeupata. Wa mkono mmoja."

"Nani anauleta?"

"Mimi."

"Umepewa likizo ya siku ngapi?"

"Anza kutafuta mumi," nikamwambia. "Wadogo, walio hai."

Nilimsikia akimwita Mama, amletee ndoo ya chambo.