Niliyesema Zima Mashine Ni Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilifika gereji ya kampuni pale Karatu saa moja asubuhi, nimevaa shati jeupe, nikidhani nitakabidhiwa gari. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na kumi na miwili kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza juu ya trekta katika mashamba ya ngano, kwa hiyo nilijiona dereva aliyekamilika. Mkuu wa Gereji, mzee mfupi mwenye sauti ya taratibu, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, kisha akaniambia nilale chini ya Landirova nimtajie kila ninachokiona. Nikataja ekseli, nikataja springi, nikataja difu. Nilipotoka, shati halikuwa jeupe tena.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

"Sijasahau kitu, mzee."

"Umesahau kuangalia kama oili inavuja. Trekta likikufia shambani, unatembea kwa miguu kwenda nyumbani. Hili likikufia kreta, chini kwenye bonde la wanyama, una wageni sita ndani na simba nje. Utatembea kwenda wapi?"

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Vijana wanaoendesha wageni leo wananiuliza tulifanyaje kazi bila simu za upepo kwenye magari. Tulifanya kwa masharti, na masharti yenyewe Mkuu wa Gereji alitukaririsha mpaka tukayaota. Kushuka kreta kwa njia ya Seneto unaweka gia nzito, ile ya kijiti kifupi, unaiacha injini ikushikilie, mguu mbali na breki, maana breki ikipata moto katikati ya mteremko imekwisha habari yako. Mgeni hashuki garini. Popote gari lilipo na mgeni awe hapo. Na sharti lililopita yote: ukimfikia mnyama, zima injini. Injini inatikisa kamera, moshi unamfukuza faru, na mgeni aliyetoka mbali anataka kusikia nyati akitafuna majani. Nilizima injini mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu ulikuwa unageuza ufunguo kabla kichwa hakijaamua.

Nilikuwa dereva mzuri. Sisemi hivyo kwa majivuno, au tuseme nasema kwa majivuno, nimezeeka na nina haki hiyo. Baada ya miaka michache nilihamishiwa Arusha, makao makuu ya kampuni, chini ya Meneja wa Safari. Huyu alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Kreta aliijua kwa picha za ukutani.

Kisha mpaka wa kaskazini ukafungwa. Kabla ya hapo wageni wetu walikuwa wakimaliza kutazama wanyama, kisha wakivuka kwenda kupumzika kwenye fukwe za jirani. Sasa wakataka bahari ya hapa hapa. Meneja wa Safari akaanza kuuza safari ya kreta na pwani kwa pamoja, siku tatu kwetu na siku nne kwenye hoteli moja ya mwambao wa Tanga, na akaamua kwamba dereva ataandamana na wageni mpaka mwisho akiwa kiongozi wa msafara. Aliniita ofisini akanipa karatasi yenye mhuri.

"Meneja," nikamwambia, "mimi ni Mwiraqw wa Karatu. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni Ziwa Manyara, tena kwa juu, nikiwa njiani. Sijui kuogelea."

"Hujaajiriwa kuogelea, Ndugu Paulo. Umeajiriwa kuongoza. Mpaka wageni wapande ndege, neno lako ndilo la mwisho."

Neno la mwisho. Nilitoka pale kifua mbele.

Boti ya kasi ya ile hoteli iliendeshwa na Nahodha Shomari, mtu wa rika langu, mwembamba, asiyesema maneno mawili kama moja linatosha. Asubuhi tuliyotoka naye aliwagawia wageni vifaa: miwani ya kuzamia inayofunika macho na pua, mrija wa kupumulia ambao ncha yake inabaki juu ya maji, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mgeni analala kifudifudi juu ya maji anatazama samaki walio kwenye matumbawe, kama vile sisi tunavyosimama ukingoni kutazama nyumbu walio chini kretani.

"Viatu uvue, bwana kiongozi," Shomari akaniambia. "Huku havina kazi."

"Vyangu vinabaki mguuni."

Wageni walikuwa sita, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mwalimu mstaafu, mwenye mvi, aliyekuwa ameweka akiba miaka mingi kwa safari ile. Yeye ndiye alikuwa na wasiwasi na maji kuliko wote, akaniuliza mimi, si Shomari, afanye nini akiogopa. Nikamjibu kama ninavyowajibu wageni wangu wote: popote boti ilipo, na wewe uwe hapo. Shomari alikuwa akifunga kamba, hakunisikia.

Tulikwenda mbio mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, mimi nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili na jaketi la kuokolea limenibana mpaka kidevuni. Ndani ya mwamba maji yalikuwa yametulia, ya kina cha kifua. Pembeni palikuwa na mlango, yaani nafasi katika mwamba ambamo maji yanatoka kwenda bahari kuu yanapokupwa. Wageni wanne waliingia upande wa utulivu, mama mwalimu akiwamo. Shomari aliiweka boti karibu na ule mlango, omo, yaani pua ya boti, ikielekea mkondo, mashine ikinguruma polepole. Nanga hakutupa, kwa sababu nanga huvunja matumbawe.

Ndipo akaibuka kasa, mkubwa kama meza ya chai, hatua mbili kutoka kwetu. Wageni wawili waliobaki botini wakanyanyua kamera. Mashine ilikuwa ikitetemesha kila kitu. Nikawaona wanahangaika, na mkono wangu ukawashwa.

"Zima mashine," nikasema.

Shomari akanitazama. "Hapa si mahali pa kuzima. Maji yanakupwa, mkondo unakwenda nje. Mashine ndiyo breki yangu."

Nilisikia hilo neno breki na bado sikuelewa. Kwangu mimi chombo kilichozimwa kimesimama. Miaka yote ile sikuwa nimezima kitu kikaondoka chenyewe.

"Nahodha, kiongozi wa msafara ni mimi. Zima."

Akazima.

Picha za kasa zilipigwa, nzuri sana naambiwa. Kasa akazama. Nilipoinua uso, mwamba ulikuwa umeshahama, au hivyo ndivyo nilivyoona, kumbe tuliohama ni sisi. Maji yalikuwa yakituvuta mlangoni kwenda nje. Shomari akavuta kamba ya kuwashia mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mashine imeshiba petroli, haiwaki. Akatupa nanga, nayo ikashika kwa taabu mahali penye kina, tukiwa tumeshafika mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Akafungua plagi, akazifuta kwa kikoi chake, akazirudisha. Mikono yangu haikuwa na kitu cha kufanya.

Watu watatu walibaki walipokuwa, wamesimama kwenye maji ya kifua, wanatupungia. Mama mwalimu hakubaki. Aliiona boti inakwenda naye akaifuata, akaogelea moja kwa moja juu ya mwamba, mahali ambapo maji yalikuwa yamepungua na mawimbi ya nje yanapasuka. Niliona mawimbi yakimbeba na kumbwaga, yakimbeba na kumbwaga. Nikampigia kelele arudi, na mawimbi yakaimeza sauti yangu. Nilijua wazi ni nani aliyemfundisha kuifuata boti.

Mashine iliwaka. Shomari alituzungusha akamfikia kwa upande wenye kina, akaruka, akamnyanyua. Magoti na viganja vilikuwa vimechanwachanwa na matumbawe, mkono wa kushoto umevunjika. Alipolazwa sakafuni mwa boti alinishika suruali.

"Nilifanya ulivyoniambia," akasema, bila hasira.

Ufukweni Meneja wa Hoteli alimfokea Shomari mbele ya watu wote, na Shomari hakujibu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na viatu vyangu vilivyolowa, nikanyamaza. Naliandika hili kwa sababu nikiliruka nitakuwa mwongo. Nilinyamaza siku nzima ile. Kesho yake, mama akiwa hospitali na mkono wake umefungwa plasta, nilimfuata Shomari kwenye boti nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba amri ilikuwa yangu.

"Mkubwa wa safari ni wewe," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme."

Niliendesha kutoka Tanga hadi Arusha nikiwa na maneno hayo ndani ya gari.

Ofisini nilikuta taarifa imeshapigwa chapa. Ilisema nahodha alizima mashine kwa uzembe wake, kinyume cha maelekezo ya kiongozi wa msafara. Chini palikuwa na mstari wa sahihi yangu. Meneja wa Safari alinisogezea kalamu moja kati ya zile mbili.

"Wakala wa wageni kule Ulaya ameshaandika barua ya malalamiko," akasema. "Hoteli imekubali kumwondoa yule nahodha. Tukimaliza hili leo, Jumatatu unashusha wageni kreta kama kawaida."

"Aliyesema mashine izimwe ni mimi."

"Najua. Wageni wawili wamesema hivyo hivyo. Hakuna aliyekuuliza."

"Basi niulize."

Akavua miwani. "Ndugu Paulo, yule ni mtu wa pwani, atapata mtumbwi wa mtu avue. Wewe una watoto wanne na leseni ya daraja la kwanza. Unataka nini?"

"Karatasi tupu."

Nilimkatalia katakata. Niliandika kwa mkono, kurasa mbili, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha wageni. Niliandika kwamba nahodha alinionya, akaniambia sababu, nami nikamlazimisha kwa cheo nilichopewa na kampuni katika maji ambayo kampuni ilijua siyajui. Niliandika pia nilichomwambia yule mama. Nakala nyingine niliipeleka posta mwenyewe, kwa Meneja wa Hoteli, kabla Meneja wa Safari hajafikiri kunizuia. Shomari alibaki na boti yake. Miezi kadhaa baadaye dereva aliyepelekwa huko aliniletea salamu zake, na habari kwamba sasa kiongozi wa msafara anakaa nyuma kabisa na neno la mwisho ni la nahodha.

Mimi nilipewa barua ya onyo kali, nikavuliwa usukani, nikarudishwa gereji ya Karatu kuosha magari na kupaka grisi. Miaka mitatu. Madereva niliowafundisha mimi walikuwa wakinikabidhi magari yaliyojaa vumbi la Lango la Loduare, wengine wakiona haya, wengine wakifurahi. Nilitegemewa niandike barua ya kuomba msamaha ili nirudishiwe cheo. Meneja wa Safari alinitumia ujumbe mara mbili kwamba mistari mitatu tu ingetosha. Sikuandika hata mmoja. Msamaha niliuomba kwa mama mwalimu, kwa barua, naye akanijibu. Kwa kampuni sikuwa na kosa la kuombea. Mke wangu aliniita kichwa kigumu, na alikuwa na sababu, maana yeye ndiye aliyelima maharage ya kutulisha. Nilirudishiwa gari siku ambayo mvua ziliharibu njia ya kushukia na hakukuwa na dereva mwingine aliyeweza kulishusha bila kulipindua. Hakuna aliyenieleza kwa nini nimerudishwa, nami sikuuliza. Niliendesha mpaka nilipofikisha miaka hamsini na mitano.

Vijana wananiuliza kama najuta. Nalijutia lile neno zima, najutia viatu vyangu na kiburi changu, na najutia ile siku moja ya kunyamaza kuliko vyote. Ile miaka mitatu ya grisi siijutii hata dakika moja, na atakayeniambia niliipoteza aje nyumbani tuzungumze.

Wiki ya kustaafu kwangu, meneja mpya wa Karatu, kijana msomi na mwenye adabu, aliniita kunionyesha faili langu. Alitaka nipewe cheti cha utumishi bora mbele ya wafanyakazi wote, lakini cheti hakitolewi kwa mwenye onyo. Alikuwa ameshachomoa barua ya onyo pamoja na zile kurasa zangu mbili zilizoambatanishwa nayo.

"Mzee, nazitoa hizi, faili liwe safi," akasema. "Ni mambo ya zamani."

"Na ile iliyopigwa chapa?"

Akafunua. Ilikuwamo, mstari wa sahihi ukiwa mtupu. "Hii ni taarifa ya ofisi, inabaki."

Nikamwomba kurasa zangu. Nikazirudisha ndani ya faili, juu ya ile ya chapa, pamoja na barua yangu ya onyo.

"Basi cheti hakitawezekana, mzee."

"Nimeelewa."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Lakini huyo nahodha hata hajui kama faili hili lipo."

"Mimi najua," nikamwambia, nikachukua kofia yangu.