Kavindu na Fundi wa Kisima

Kikundi cha akina mama wa Kathonzweni kilipotafuta mtu wa kuzoa matope kisimani mwao, Kavindu, mwenyekiti, ndiye aliyepewa kazi ya kuwahoji mafundi. Alipokuja fundi Nthiwa, Kavindu alimwuliza anasali wapi. Nthiwa akataja kanisa lake, kisha akafunga kikao kwa maombi, akaomba vizuri mpaka Nduku, mweka hazina, akatoa machozi. Basi, kazi akapewa. Hakuna aliyemwuliza huko chini watu hushuka namna gani.

Sasa Kavindu alisimama ukingoni mwa kisima. Kibarua wa kushuka alikuwa Musyimi, mume wa binti yake, kamba tayari kiunoni. Kando yake Nthiwa alikuwa akifunga kamba nyingine kwa pampu ya petroli.

"Hiyo nayo inaenda wapi?"

"Inashuka naye, Mwaitu, mama yangu. Maji yako mbali, ikiwa huku juu haivuti."

"Na moshi wake, si utamziba pumzi huko chini?"

Nthiwa akacheka. "Moshi hupanda wenyewe, mama. Kwani jikoni kwako hushuka?"

"Jikoni kwangu kuna mlango. Ulishafanya hivi wapi?"

"Visima vingi!"

"Nipe kimoja nimpigie mwenye kisima simu."

Akataja cha Mbumbuni, ila mwenyewe alihama. Akataja cha Salama, namba ikawa imepotea. "Mama, unanihoji kama polisi, na mimi nimeokoka?"

"Najua umeokoka. Musyimi pia ameokoka, lakini sitaki aende mbinguni leo."

Akina mama wakacheka. Nduku hakucheka. Alimsogelea, akanong'ona, "Mwenyekiti, usituaibishe. Tutachota maji wapi?"

Kavindu akachungulia kisimani. Huenda fundi alijua kazi yake, na yeye ni mama tu aliyeingiwa na woga. Lakini swali hili alipaswa kuliuliza siku ile ya maombi, naye hakuliuliza. Akavuta mbao za kufunikia, akaziba kisima, akaketi juu yake.

"Bwana, nisamehe kama namwonea," aliomba kimoyomoyo.

Nthiwa alipakia pampu yake kwa pikipiki bila kuaga. Musyimi akafungua kamba kiunoni, uso umekunjamana. "Mama, umeninyima kibarua."

"Nimekunyima, mwanangu."

Akina mama wakabeba mitungi kuelekea mtoni, wala hawakumngoja. Kavindu alitaka kuwafuata, lakini hakuthubutu kukiacha kisima. Akabaki ameketi palepale, akimtazama Musyimi akipumua.