Bustani ya Mbwa wa Ziwani

Nilipoolewa milimani nilikwenda na mbwa. Watu wa kwetu Mbaha, kando ya ziwa, walicheka sana, maana bibi harusi huondoka na masufuria, khanga na godoro. Navyo nilikuwa navyo, lakini juu ya hilo godoro, ndani ya lori lililopakia magunia ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, alikaa mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limelala, ulimi nje, kama mtu anayekwenda matembezi. Nilikuwa nimemlea tangu hajafumbua macho. Mama yake aliumwa na nyoka akafa, nikawa namnywesha uji kwa kijiko mpaka akapata nguvu. Siku za maandalizi mama yangu aliniambia, "Mwache hapa, nitamtunza mimi," nami nikakubali. Asubuhi ya safari tukamkuta ameshapanda lori kabla ya mtu yeyote, na kila aliyejaribu kumshusha alionyeshwa meno.

Lori lilipanda kutoka ziwani hadi Kitai, kisha tukashika barabara ya Mbinga. Baridi ilitupokea kabla hatujafika. Mimi nilijitanda khanga ya pili, yeye akajikunja miguuni pangu akiwa anatetemeka. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona milima inayobanana namna ile, kila upande umelimwa hadi kileleni.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama, kisha akamtazama mbwa.

"Na huyu naye ameolewa?" akauliza.

Yeye lugha yake ilikuwa Kimatengo, mimi yangu Kinyasa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa nyumba ya Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kanisani na sokoni, cha adabu nyingi. "Tafadhali mama." "Ahsante mwanangu." Mume wangu, mtu asiyependa maneno hata kwa lugha yake mwenyewe, alitusikiliza tu. Nilikuwa nimetoka katika kanisa la Kianglikana nikaingia la Kikatoliki kwa ajili ya ndoa, na Jumapili za mwanzo nilisimama watu walipopiga magoti, nikapiga magoti waliposimama. Mbwa alinifuata hadi mlango wa kanisa, akafukuzwa, akalala nje kunisubiri.

Siku moja mama mkwe alimkuta amelala juu ya mahindi yaliyoanikwa uani. Akamfokea kwa Kimatengo. Mbwa akatikisa mkia. Akamfokea tena, mbwa akajigeuza tumbo juu.

"Mbwa wako ni kiziwi?" akaniuliza.

"Hapana mama. Hajui lugha."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na alicheka akiwa ameshika kiuno. Baadaye, nikiwa jikoni, nilimsikia nyuma ya nyumba akimwamuru mbwa ainuke. Alisema kwa Kinyasa. Matamshi yalikuwa mabovu, lakini mbwa aliinuka. Sijui alijifunzia wapi maneno yale. Nadhani alikuwa akinisikiliza siku zote nilipodhani hasikilizi.

Mwaka uliofuata mimba yangu ya kwanza iliharibika. Nililala ndani, na uso niliugeuzia ukutani. Mume wangu alikaa nami jioni zote bila kusema kitu. Mama mkwe alileta maji ya moto na uji, akaviweka, akasema "Pole mwanangu," akatoka. Nilihisi kwamba ananilaumu. Kiswahili chetu cha adabu hakikuwa na maneno ya jambo kama lile, na mimi nilikuwa mbali na watu ambao wangenililia kwa lugha yangu. Mbwa, ambaye siku zote alikatazwa kuingia ndani, aliingia akalala sakafuni chini ya kitanda, na hakuna aliyemtoa. Nikiteremsha mkono usiku au mchana, nilimkuta.

Miaka hiyo ndiyo soko la kahawa lilipofunguliwa. Kabla ya hapo kahawa yote ya milimani ilikwenda chama cha ushirika, kwenye mzani mmoja unaojulikana. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakaingia hadi vijijini, wakanunua kwa mtu yeyote aliyeshika gunia, bila kumuuliza kahawa ameivuna shamba gani. Wengine waliifurahia biashara hiyo, wengine waliilaani, lakini jambo moja lilikuwa wazi kwa wote: wezi walipata pa kuuzia. Kahawa iliyooshwa ikaanza kuibwa juu ya vichanja, zile meza za miti na wavu ambazo juu yake huanikwa hadi ikauke. Mtu aliamka akakuta kichanja kitupu, na jasho la mwaka mzima limeondoka.

Kwetu hawakugusa hata punje. Mbwa wa ziwani, ambaye hakuwahi kuona mkahawa utotoni mwake, alijichagulia mahali chini ya kichanja chetu akapafanya kwake. Mgeni akipita barabarani, alinguruma. Akikaribia ua, alisimama. Mama mkwe akaanza kumpelekea ugali katika bakuli la mbwa mwenyewe, la bati, na mabaki ya maharage juu. "Hiki ni cha mlinzi," alikuwa akisema, na ole wake kuku atakayekisogelea.

Mbwa alikufa msimu wa mavuno, asubuhi yenye jua kali na vumbi. Nilikuwa natoka kuchota maji, yeye akiwa nyuma yangu kama kawaida. Lori la kahawa lilishuka kwenye kona. Nilisikia breki, kisha sauti nyingine ambayo siwezi kuieleza. Nilipogeuka, ndoo ilianguka yenyewe.

Dereva alishuka. Alikuwa kijana wa rika letu, amevaa kofia, akaivua. "Dada, nisamehe," alisema. "Sikumwona. Nakuapia sikumwona." Nilikuwa nimekaa barabarani nimekipakata kichwa cha mbwa wangu, namwambia maneno ya Kinyasa niliyokuwa nikimwambia alipokuwa mdogo. Pumzi zilikuwa zimekwisha. Dereva akainama, akambeba mikononi bila kujali damu kwenye shati lake, akanifuata hadi nyumbani.

Mama mkwe alitoka nje, akaona, akaweka mkono mdomoni. Kisha akasema, "Mbwa hazikwi. Apelekwe kule bondeni, atupwe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kuwa mahindi hupandwa mvua zikianza. Ndivyo watu wote walivyofanya, hata kwetu ziwani.

"Mama," nikasema, "huyu simtupi."

Sikuwahi kumpinga kabla ya siku ile. Dereva akatazama chini. Mume wangu akaenda ukutani, akachukua jembe, akarudi.

"Wapi?" akaniuliza.

Nikaonyesha chini ya kichanja. Kahawa ilikuwa imeanikwa juu yake. Mama mkwe akaingia ndani na mlango akaurudishia. Mume wangu na dereva wakaikusanya kahawa kwenye mikeka, wakang'oa nguzo za kichanja, wakazipeleka upande wa pili wa ua. Kisha wakachimba, wakipokezana jembe. Mume wangu akaleta gunia zima, si lile bovu, tukamfunga humo. Hatukusema sala wala neno. Nilitupia udongo wa kwanza kwa mkono.

Kabla ya kuondoka dereva aliniuliza, "Dada, nikufanyie nini?"

"Hakuna," nikasema. Halafu nikaona macho yake. "Huyu alikuwa mbwa wa ziwani. Hapa udongo mwekundu na baridi. Siku ukipita Mbaha, niletee mchanga wa kule."

Alitikisa kichwa kukubali. Sikumtegemea. Nilijua madereva wanavyokuwa.

Nikaanza bustani peke yangu. Kwanza nilitaka tu kuku wasiparue pale, nikazungushia vijiti. Kisha nikaona vijiti vimezunguka udongo mtupu, ikanisikitisha. Nikaenda misheni ya Kigonsera kuwaomba masista vipandikizi vya waridi. Sista mmoja mzee aliniuliza ni vya kupamba wapi, nikamjibu ni vya nyumbani, akanikatia vingi na kunifundisha namna ya kuvipanda. Nikaongeza maua ya njano yaliyoota yenyewe kandokando ya barabara. Kila jioni nilimwagia maji.

Majirani walipita, wakasimama. Kule milimani ardhi ni ndogo. Hata kwenye mteremko mkali watu huchimba ngoro, yale mashimo ya kuzuia maji, wapate pa kupanda mahindi na maharage. Eneo la uani kupewa maua lilikuwa jambo la kushangaza, na maua ya mbwa zaidi. "Mke wa ziwani ameshikwa na nini?" walimuuliza mume wangu. Yeye aliwajibu, "Anapanda maua," kana kwamba ndiyo walichouliza.

Mama mkwe akienda jikoni alizunguka mbali, asipite pale.

Dereva alirudi. Alipiga honi nje, akashusha kiroba cha mchanga mweupe na kingine cha vijiwe laini vya ufukweni, vile vinavyosuguliwa na mawimbi hadi vikang'aa. Alikuwa amekwenda hadi kwetu, akaulizia nyumba ya mama yangu, akamweleza mwenyewe yote yaliyotokea. Mama alimpa samaki, akampa na shina la mchaichai lenye mizizi, limefungwa kwa kitambaa kibichi, pamoja na ujumbe.

"Mama anasema usilie sana," dereva alisema akijitahidi kubaki na uso wa heshima. "Anasema mbwa huyo alikula samaki wengi kuliko kasisi."

Nilicheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka yakaendelea kutoka. Dereva alikaa kwenye ngazi ya lori lake akasubiri nimalize. Nikamwaga mchanga, nikapanga vijiwe kuzunguka, nikapanda mchaichai.

Sasa pakawa pazuri kweli, na uzuri huo ndio ulioleta mkasa. Bibi mmoja wa mlima wa pili, rafiki wa mama mkwe, alikuwa amekwenda kukaa na binti yake Songea muda mrefu. Aliporudi akaja kutusalimia. Alipoingia uani akaona mchanga mweupe, waridi, vijiwe vimepangwa. Akatua kikapu. Akafanya ishara ya msalaba, akapiga magoti kwa shida, akaanza Baba Yetu.

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria. Mama mkwe akatoka ndani, akamwona rafiki yake amepiga magoti, akasimama. Nikangoja aseme. Badala yake alikunja mikono, akainamisha kichwa mpaka sala ilipokwisha.

"Poleni sana," bibi yule akasema akijifuta macho. "Nilikuwa mbali, sikupata habari. Ni nani ametutoka?"

Mama mkwe alinitazama. Kisha akatazama maua.

"Ni wa hapa nyumbani," akasema. "Alikuja na huyu mwanangu kutoka ziwani. Alikuwa mlinzi wetu."

"Aliugua?"

"Gari."

"Hayo magari ya kahawa!" bibi akasema kwa hasira. "Yatatumaliza. Poleni jamani."

"Tumeshapoa," mama mkwe akajibu.

Wakanywa uji, wakaongea habari za Songea, bibi akaenda zake. Alipopotea kwenye kona tukatazamana, mimi na mama mkwe, na kicheko kikatushika wote wawili, kicheko cha kuumiza mbavu. Mama mkwe ilibidi akae chini kwenye vumbi. Nami nikakaa. Kilipotuishia, yeye akabaki anachezea kijiwe kimoja.

"Nilisema atupwe," akasema.

"Mama, ni mambo yaliyopita."

"Wakati mimba yako ilipoharibika," akaendelea, kana kwamba hakunisikia, "sikujua nikuambie nini. Nami niliwahi kupoteza wawili kabla ya mume wako. Lakini maneno yake ninayo kwa Kimatengo, kwa Kiswahili sina. Nikamwita yule mbwa. Nikamwambia kwa Kinyasa changu kile kibovu aingie ndani akakae na wewe."

Nilimshika mkono. Haikuwa desturi, mkwe kushika mkono wa mama mkwe hivyo, lakini hakuuondoa. Tulikaa pale hadi kuku walipoanza kurudi bandani.

Tangu hapo aliacha kuzunguka. Asubuhi alikwenda kuchuma mchaichai wa chai, na akaning'olea magugu bila kuambiwa. Bei ya kahawa iliyumba, dawa na mbolea zikawa ngumu kupatikana, na mume wangu alipong'oa mikahawa iliyokauka alitumia magogo yake kutengeneza benchi, akaliweka kando ya waridi. Wanawake waliotucheka wakaja kuomba vipandikizi. Harusi za kijijini zikaanza kupambwa na maua ya kwetu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akiyakata, kwa kisu chake, akichagua nani apewe mekundu na nani asipewe.

Binti yangu alizaliwa baada ya hapo. Alijifunza kusimama kwa kushika benchi lile, na meno yalipoanza kumwota alikula mchanga wa ziwa kwa mikono yote miwili. Bibi yake, badala ya kumkataza, alimpangusa mdomo kwa ncha ya khanga na kumkalisha tena palepale juani.