Uchumba wa Mwalimu Fadhila ulivyovunjwa na darasa la tano

Kengele ya mapumziko imeshagongwa, lakini darasa la tano halitoki. Mwalimu Fadhila Kibwana amekatisha hadithi pale msichana wa hadithini anapofungua mlango, na wanafunzi wamekuja juu.

"Mwalimu, jamani! Nani yuko nje?"

"Njooni kesho," anajibu huku akifuta ubao. Hivyo ndivyo anavyowavuta shuleni msimu huu wa korosho, watoto wengi wanapoishia mashambani.

Fadhila, 26, ni mwalimu wa muda katika shule moja ya msingi Masaki, Kisarawe. Alhamisi na Ijumaa huwa Kibaha, akisomea uandishi wa hadithi chuoni. Kila anachoandika, watoto hawa ndio wa kwanza kukisikia. Na hapo ndipo alipojiponza.

Posa ya Hashiru, fundi friji wa Kibaha, ilishajibiwa, na ndoa ilipangwa Desemba. Fadhila alitaka kumaliza chuo kwanza, mwakani, ila alishindwa kumwambia.

"Niliogopa atatafuta mwingine," anasema. "Nampenda, bwana. Ningefanyaje?"

Akaandika hadithi ya mchumba anayeahirisha harusi, akaisoma darasani. Watoto wa Masaki hao! Jioni ile ile ikafika majumbani kama habari: mwalimu kavunja uchumba.

"Nipo namenya mihogo, majirani hao, wananipa pole," anacheka shangazi yake, Bi Tatu, anayeishi naye. "Pole ya nini? Mie sina hili wala lile!"

Haikupita wiki, mama yake Hashiru, Bi Anifa, akashuka kwenye bodaboda, uso kaukunja. Fadhila akamwamkia, machozi yakimlengalenga, akajitetea kwamba ilikuwa hadithi tu.

"Marahaba. Basi nisomee," Bi Anifa akasema, akaketi mkekani.

Aliposomewa mpaka mwisho, akamgeukia Fadhila. "Mwanangu, haya ni yako. Unataka kumaliza shule. Mbona hukutuambia?" Akampigia Hashiru palepale, akampa Fadhila simu.

Fadhila akasema yote.

"Mimi nilishaambiwa nimeachwa," anakumbuka Hashiru. "Kusikia ni kusubiri mwaka mmoja tu, nilimshukuru Mungu."

Ndoa sasa ni mwakani, baada ya mahafali. Fadhila anaomba ajira ya kudumu Kibaha, na anataka kutoa kitabu cha hadithi za watoto.

"Kuandika nafundishwa chuoni," anasema, akikusanya madaftari. "Kumwambia Hashiru jambo langu ana kwa ana, hilo ndiyo kwanza najifunza."